Mashine dakika sita, mtu jioni nzima

Mwezi uliopita mwenzetu mmoja hapa kazini alistaafu baada ya miaka mingi ya kukaa nyuma ya mitambo, nami nikapewa jukumu la kutafuta ngao ya mbao yenye jina lake. Nilidhani ni kazi ndogo. Nikampigia simu fundi mmoja mwenye mashine ya leza, akanitajia shilingi 25,000. Nikampigia wa pili, kwa ngao ya kimo kile kile na maneno yale yale. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Samahani kaka, wewe si yule wa redioni?" Nikakiri, tena kwa majivuno. Bei ikawa 60,000.

Sote tumezoea kutajiwa bei kwa macho. Muuzaji anakutazama viatu, anatazama na gari ulilokuja nalo, ndipo afungue mdomo. Hii ya kutajiwa bei kwa sikio ilikuwa ya kwanza kwangu.

Nilikwenda kwa yule wa 25,000, na huko nako yalinikuta yangu, ambayo nitayaeleza baadaye. Ninachotaka kukizungumzia juma hili ni hicho kitendawili cha bei. Kazi hizi za kunakshi kwa leza zimeenea mjini: kalamu zenye majina, chupa za maji, ngao, vishikizo vya funguo vya kugawia wageni arusini. Wengi wanaozifanya ni watu wenye ajira zao, wanaowasha mashine jioni na Jumamosi. Bei zao wamezipataje? Ukiwauliza, aghalabu utajibiwa kwamba ndivyo wenzao wanavyotoza.

Wazee wanaikumbuka Tume ya Taifa ya Bei, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Ilikuwa ikipanga bei za bidhaa chungu nzima, na mwenye duka alichotakiwa ni kuzifuata, japo wengine walizifuata mbele ya kaunta na kuziacha nyuma ya kaunta. Udhibiti huo ulilegezwa hatua kwa hatua katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990. Hata mambo ya kuwa na mradi pembeni ya mshahara yalibadilika. Wafanyakazi wa kawaida walikuwa wameshaanza kufuga kuku na kuuza maandazi kwa sababu ya shida, lakini viongozi walibanwa na masharti ya Azimio la Arusha la 1967 mpaka yalipolegezwa kule Zanzibar mwaka 1991. Leo kila mtu ana ruhusa ya kuwa na mradi, na hakuna ofisi itakayompangia mwenye leza bei yake. Itambidi aipange mwenyewe, na hapo ndipo watu wengi wanapoumia bila kujua.

Nina mpwa wangu, binti wa dada yangu, mwalimu wa shule ya msingi hapa Dar es Salaam. Mwaka jana alikopa shilingi 2,400,000 katika SACCOS yao akanunua mashine ndogo ya leza, ile ya kukaa mezani, pamoja na sanduku lake la kufunika na feni ya kutolea moshi. Kila mwezi anakatwa shilingi 112,000 kwenye mshahara kwa muda wa miaka miwili. Jumapili moja nikapita kwake. Shikamoo mjomba, marahaba, nikakaribishwa chai. Nilimkuta amekonda, macho mekundu, na meza imejaa vumbi la masizi. Nikamuuliza mradi unaendeleaje. "Kazi zipo, mjomba, nyingi tu. Ila sielewi hela zinakwenda wapi."

Nikamwambia alete daftari. Hakuwa nalo. Tukachukua daftari la mtoto, tukaanza na kazi yake ya mwisho.

Ilikuwa vishikizo vya funguo 50 vya plaiwudi, vyenye majina ya maarusi na tarehe. Alitoza shilingi 1,500 kimoja, jumla 75,000. Plaiwudi na pete zake zilimgharimu 500 kwa kimoja, yaani 25,000. Viliharibika sita, vingine katika majaribio na vingine kwa sababu mbao ilisogea, hivyo 3,000 nyingine. Nauli ya kwenda Kariakoo na kurudi na mzigo, 4,000. Kwa hesabu yake alikuwa amepata faida ya shilingi 43,000, na alikuwa ameridhika.

Nikamuuliza mashine ilifanya kazi muda gani. Akasema kila kipande kilichukua kama dakika sita, kunakshi na kukata. Kwa vipande 56, pamoja na vilivyoharibika, ni dakika 336, zaidi kidogo ya saa tano na nusu. Nikamuuliza tena, na saa hizo za mashine zinalipwa na nani? Akacheka. Kwani mashine nayo inadai mshahara?

Inadai, msikilizaji. Mashine ile tuliipa umri wa miaka mitatu. Huenda ikaishi zaidi, lakini kuitarajia zaidi ya hapo ni kujifariji. Shilingi 2,400,000 ukizigawanya kwa miezi 36 unapata kama 66,700 kwa mwezi. Mpwa wangu anaiwasha saa 10 kwa juma, yaani saa 40 kwa mwezi, basi kila saa inakula karibu 1,700 ya mashine yenyewe. Umeme ndio watu huutaja kwanza wakiulizwa gharama, na kumbe ndio mdogo kuliko zote: mashine, feni na kompyuta kwa pamoja tuliviwekea shilingi 200 kwa saa. Tukaongeza 500 kwa ajili ya lenzi, vitambaa, spiriti ya kusafishia na akiba ya kipuri. Saa moja ya mashine ikawa shilingi 2,400, au 40 kwa dakika. Kwa kazi ile ya arusi ni shilingi 13,440. Fedha hizo zilitoka mfukoni mwake bila yeye kuziona, maana alishazilipa siku aliyonunua mashine.

Kisha tukaja kwenye saa zake mwenyewe, na hapo ndipo palipokuwa na ubishi. Saa mbili na nusu alizitumia kuzungumza na mteja na kuichora upya nembo ya maarusi, kwa kuwa aliletewa picha ya simu iliyopigwa kwenye kadi iliyokunjwa. Saa nne za kupanga mbao, kufuta moshi na kufunga pete. Saa mbili za Kariakoo. Jumla saa nane na nusu. Saa ya mwalimu ina thamani gani? Alisema akienda kumfundisha mtoto wa jirani jioni hulipwa 5,000. Basi tukaandika 5,000, na jumla ikawa 42,500.

Nikataka tuhesabu na zile saa tano na ushei za kukaa karibu na mashine. Akakataa: "Mjomba, saa hizo nasahihisha madaftari." Ni kweli, lakini leza inachoma. Mbao inaweza kushika moto wakati wowote, na mtu mwenye akili haiachi ikiwaka akaenda kuchota maji. Huo ni ulinzi, na mlinzi hulipwa hata usiku ambao mwizi hakuja. Tukapatana kuzihesabu nusu, 14,000.

Jumlisha sasa: 25,000 za mbao, 3,000 za vilivyoharibika, 4,000 za nauli, 13,440 za mashine, 42,500 na 14,000 za mtu. Ni shilingi 101,940. Kazi ya gharama ya karibu 102,000 ameiuza 75,000. Ukitazama kwa upande mwingine, zile 43,000 alizoziita faida, ukitoa za mashine zinabaki chini kidogo ya 30,000, na ukizigawa kwa saa zote 14 alizokuwa pale anapata kama 2,100 kwa saa. Mtoto wa jirani angempa zaidi ya mara mbili, tena bila kuvuta moshi. Na ili afikishe makato ya SACCOS ya mwezi mmoja, anahitaji kazi karibu tatu za namna hiyo. Ndiyo maana macho yalikuwa mekundu.

Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia: "Afadhali ningekosa wateja, ningejua mapema."

Ili mwenye leza aelewe bei yake, na mteja naye aelewe anacholipia, hapana budi tuitazame mashine inavyofanya kazi. Leza ni mwanga uliokusanywa. Ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California mwaka 1960. Katika mashine hizi ndogo lenzi huubana mwanga huo uwe nukta ya kama sehemu ya kumi ya milimita, na nukta hiyo ndiyo inayounguza. Kichwa cha mashine huenda na kurudi, mstari baada ya mstari, kama mtu anayepiga deki. Nembo ya sentimita 10 kwa 10, mistari ikiwa imeachana kwa sehemu ya kumi ya milimita, ni mistari 1,000. Kila mstari pamoja na kugeuka ukichukua sekunde 0.7, una dakika karibu 12. Mteja akitaka mistari isogeane mara mbili ili picha iwe laini, dakika nazo zinakuwa mara mbili.

Kwa hiyo kutoza kwa idadi ya herufi, kama walivyozoea mafundi wa mihuri, hakufai hapa. Maneno kumi membamba huisha upesi kuliko picha ya uso wa mstaafu iliyojaa kivuli. Kinachokula muda ni eneo linalochomwa. Mteja anayeletewa bei kubwa kwa sababu ya picha asidhani anaibiwa. Aulize itachukua dakika ngapi.

Na mbao nazo zina tabia zao. Mbao nyeupe huonyesha maandishi vizuri kwa kuwa palipoungua panakuwa peusi. Ukileta mpingo, weusi juu ya weusi hauonekani, fundi itambidi ajaze rangi kwenye mifereji na kufuta kwa mkono, na hiyo ni kazi nyingine yenye bei yake. Chupa ya chuma iliyopakwa rangi ni rahisi: leza inaondoa rangi na chuma kinajitokeza. Chuma kitupu huirudisha miale, na mashine ndogo kama ya mpwa wangu haikiwezi hivi hivi.

Kuna vitu ambavyo hakuna bei inayovitosha. Mteja mmoja alimletea mikoba ya ngozi ya bandia, ile ya PVC, akaahidi kulipa vizuri. Plastiki hiyo ikiungua hutoa hewa ya asidi inayochoma mapafu na kuitia kutu mashine yenyewe. Alimrudishia mikoba yake. Huyo mteja sina shaka alipata mtu mwingine wa kumfanyia, pengine chumbani, watoto wamelala pembeni, bila sanduku la kukinga macho wala feni. Mtu huyo bei yake itakuwa nafuu siku zote, kwa sababu sehemu ya gharama inalipwa na vifua vya watoto.

Swali linalowakera wateja ni hili: kwa nini kalamu moja niambiwe 5,000, na jirani yangu aliyeagiza 10 alipe 2,500 kila moja? Huu si upendeleo. Kuandaa jina, kuipima kalamu na kuiweka sawa mashineni ni nusu saa, iwe kalamu moja au kumi: 2,500. Kalamu tupu ni 1,500, mashine dakika tatu ni 120, na kuishika, kuifuta na kuifunga ni dakika tano za mtu, kama 420. Kalamu moja inafika 4,540. Kumi zinafika 22,900, kwa kuwa ile nusu saa imegawanywa kwa kumi. Nilimshauri awe na kiwango cha chini, akiite bei ya kuwasha mashine, na akiandike ukutani. Bei iliyoandikwa ukutani haisikii sauti ya mtu wa redio.

Alinipinga kwa hoja nzito. Kariakoo yupo kijana anayetoa vishikizo hivyo kwa shilingi 1,000. Akipandisha yeye mpaka 2,500, nani atakuja? Nikaenda kumtazama kijana huyo. Anafanya kazi kutwa, siku sita, kwa mashine kubwa, na hununua plaiwudi kwa shiti nzima za futi nane kwa nne. Gharama ya mashine yake inagawanywa kwa saa 200 za mwezi wakati ya mpwa wangu inagawanywa kwa 40. Huyo anaweza 1,000 na akala. Wapo wengine wanaotoa 1,000 kwa sababu hawajahesabu, na hao mashine zao utaziona zikitangazwa kuuzwa, "imetumika kidogo". Kwa macho wote wawili wanafanana, na kumfuata yeyote kati yao bila kuhesabu ni kucheza kamari kwa fedha za SACCOS. Mpwa wangu hawezi kumshinda yule kijana kwa vishikizo. Anaweza kumshinda kwa ngao na zawadi zinazotaka mazungumzo na mteja, na kwa kitu ambacho mwalimu anacho bure: Kiswahili sanifu na jicho la kuona kosa.

Hapo ndipo ninaporudi kwenye ngao yangu. Niliituma kwa simu, nikiwa ndani ya daladala, jina la mstaafu wetu likiwa limepungukiwa herufi moja. Fundi akalichonga kama lilivyo. Hakunionyesha mfano kwanza, nami sikuuomba. Nani alipe? Yeye alisema ni maandishi yangu, na nilipotulia niliona ana haki, ingawa sikumwambia. Nilitoa 25,000 nyingine. Tangu siku hiyo mpwa wangu hawashi mashine mpaka mteja aone mchoro na kujibu kwa maandishi kwamba ni sawa. Likitokea kosa baada ya hapo ni la mteja, na likitokea kabla ni lake. Kitu alicholeta mteja mwenyewe, kama saa ya marehemu baba yake, anasema wazi tangu mwanzo kwamba hawezi kukirudisha kikiharibika. Asiyekubali anaondoka nacho salama. Na kianzio ni nusu. Waswahili wa mjini wanakiita kishika uchumba, na kama uchumba wenyewe, asiyekitoa hana nia.

Limebaki la ndugu, na hili ndilo gumu. Shangazi wa upande wa baba yake alikuwa ameagiza vishikizo 80 kwa ajili ya arusi ya mwanawe, kwa "bei ya nyumbani", bei ambayo haikutajwa na wala isingetajwa. Namwelewa shangazi. Kwetu arusi ni ya ukoo mzima, na kumtoza ndugu ni kama kumfungia mlango. Lakini makato ya SACCOS hayana ukoo. Nilimwambia aandike bei kamili kwanza, kisha chini yake aandike punguzo, ili shangazi aone amepewa nini. Mchango usioonekana hauhesabiwi kuwa mchango. Akaandika: vishikizo 80 kwa 2,500, jumla 200,000, mchango wangu wa arusi, 40,000, inabaki 160,000. Shangazi alinuna siku nne. Siku ya tano akapunguza idadi ikawa 50 na kutuma kianzio, na nasikia kwenye kikao cha arusi jina la mpwa wangu lilisomwa kati ya waliochanga.

Sijasema kwamba sasa ametajirika. Kazi zimepungua, karibu nusu, na wapo wateja waliokwenda Kariakoo wasirudi. Analala saa nne badala ya saa saba, na mwezi wa jana makato yalilipwa na mradi bila kugusa mshahara, kwa mara ya kwanza.

Ijumaa iliyopita nilimwagiza kalamu 10 kwa ajili ya wageni wa kipindi. Akanitumia 25,000, kianzio nusu. Nikamkumbusha kwa upole kwamba mimi ni mjomba wake. Akaniandikia upya: bei kamili 25,000, punguzo la mjomba 2,000, jumla 23,000, kianzio nusu, tafadhali hakiki majina. Nimeshahakiki, na nimeshalipa.